Rangi iliondoka, swali likabaki: Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ubaguzi wa asili

Mtu akitaja ubaguzi wa rangi chuoni, mawazo ya wengi hapa Lubumbashi huruka hadi Afrika Kusini, Marekani au Ubelgiji. Tunaona ni shida za watu wengine. Asubuhi kwenye barabara ya Kasapa, palipo chuo chetu, wanafunzi wanaoshuka kwenye mabasi madogo karibu wote ni weusi, maprofesa ni weusi, rekta ni mweusi. Rangi itambague nani hapo?

Lakini kaa karibu na mwanafunzi mgeni siku zake za kwanza. Kabla hajaulizwa anasoma nini, anaulizwa: "Uko muntu wa wapi?" Akijibu "wa Lubumbashi", jibu halitoshi. "Ee, Lubumbashi tunajua. Baba yako wa wapi?" Mara nyingi ni swali la urafiki, la kutafuta undugu au mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani, na anayeuliza hana ubaya moyoni. Ila swali hilohilo likiwa kichwani mwa anayeshika orodha ya pointi, au anayepeleka majina ya watakaoajiriwa, linageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Ninachotaka kueleza ni kwamba swali la rangi na swali la asili hayakukutana kwa bahati hapa Katanga, sehemu hii ya kusini mwa Kongo. Yalilelewa pamoja, katika ofisi zilezile, na watu walewale. Wazungu waliondoka kwenye viti, lakini desturi ya kumpanga mtu kwa alikotoka kabla ya kupima anachokijua ilibaki, na chuo chetu kiliirithi. Ndiyo maana hotuba za umoja, ambazo tumezisikia tangu utoto, hazijaiondoa. Inakaa mahali ambapo hotuba hazifiki: kwenye fomu, kwenye kikao cha juri ya mitihani, kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazini.

Mji uliochorwa kwa ngozi

Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, miaka minne baada ya kampuni ya migodi Union Minière du Haut-Katanga kuundwa. Mji ukachorwa kwa ngozi: wazungu katikati, kisha ukanda wa ardhi isiyojengwa, kisha makazi ya weusi, ambayo leo ni Kamalondo, na baadaye Kenya, Katuba na Ruashi. Sababu iliyotangazwa ilikuwa ya afya, eti kuwakinga wazungu na magonjwa. Mweusi aliyekutwa usiku katika mji wa wazungu bila karatasi ya ruhusa alikamatwa. Asubuhi yake watu haohao waliitwa kupika, kufua na kulea watoto katika nyumba walizokatazwa kuzikaribia usiku.

Shule zilifuata mchoro huo. Kwa mtoto mweusi kulikuwa na shule ya msingi ya wamisionari, kisha ufundi, ualimu, ukarani au uuguzi. Sekondari ya kumpeleka mtu chuo kikuu, ile yenye Kilatini na hesabu za juu, ilikuwa ya wazungu. Mweusi aliyeitaka alipitia seminari, akaitwa kuwa padri.

Baada ya vita ya 1940-1945, waliosoma, wale walioitwa évolués, walianza kudai haki walizoahidiwa. Jibu la serikali lilikuwa karatasi. Mwaka 1948 ikatolewa kadi ya sifa ya uraia, na 1952 utaratibu wa immatriculation, uliompa mweusi haki za kisheria zilizokaribia zile za mzungu. Mwombaji, tuseme karani mwenye mke na watoto, alitembelewa nyumbani na wajumbe wa tume. Waliangalia sebule na meza. Waliangalia kama familia inakula kwa uma na kisu, kama mke anakaa mezani na mume wake, watoto wanalala wapi, choo kikoje, nyumbani wanaongea lugha gani. Patrice Lumumba mwenyewe alipitia njia hiyo kabla ya kuwa mwanasiasa. Hadi mwisho wa ukoloni waliokubaliwa walikuwa mamia machache tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni kumi.

Nakaa kwenye jambo hili kwa sababu ndipo unapoonekana waziwazi mtego ulio ndani ya maneno kama "kufungua milango". Mlango ulikuwa wazi, hilo haliwezi kukanushwa. Lakini aliyetaka kupita alipaswa kuthibitisha kwamba hafanani na watu wake, na aliyemthibitisha alikuwa mtu ambaye sahani yake mwenyewe haikuwahi kukaguliwa na mtu yeyote. Kuruhusiwa ni kitu kimoja. Kuwa mwenye nyumba, unayeweza kubadilisha utaratibu wa nyumba, ni kitu kingine. Taasisi nyingi duniani zinazojisifu leo kwa kujumuisha watu wa rangi zote bado zimesimama hapo penye tume ya kukagua sebule.

Chuo chenyewe kilizaliwa katikati ya hali hiyo. Wakatoliki walikuwa wameanzisha chuo kikuu cha Lovanium karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954. Mwaka huohuo Auguste Buisseret, mliberali, akawa waziri wa makoloni, akaanza kufungua shule za serikali zisizo za dini na za rangi zote. Katika mwendo huo Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo Belji na Ruanda-Urundi kiliundwa kwa amri ya 1955, na 1956 kikaanza masomo Élisabethville. Kisheria kilikuwa cha wote. Kwa hesabu ya vichwa, wanafunzi wengi wa miaka ya kwanza walikuwa wazungu, watoto wa mainjinia, maofisa na wafanyabiashara. Haikuhitajika kumfukuza mweusi hata mmoja: kwa kuwa sekondari zilikuwa zimefungwa miaka arobaini, waliofika mlangoni walikuwa wachache wenyewe. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru ikiwa na wahitimu weusi wa chuo kikuu wasiofika thelathini.

Kwa hiyo ukitaka kujua chuo kinabagua au hakibagui, kusoma kanuni za kuingia hakutoshi. Rudi nyuma, uangalie nani aliweza kufika hadi kwenye kanuni hizo.

Rangi na kabila, baba mmoja

Watu wengi hudhani ukabila ni wa kwetu na ubaguzi wa rangi ni wa wazungu. Historia ya Katanga inakataa mgawanyo huo.

Union Minière ilihitaji wafanyakazi kuliko waliokuwepo. Ikawatafuta Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Ruanda-Urundi, na zaidi sana mkoa wa Kasai, hasa baada ya reli ya BCK kuunganisha Katanga na bandari ya Ilebo mwaka 1928. Sera ya kampuni ikawa kumweka mfanyakazi kambini na familia yake, kumpa nyumba, zahanati na shule. Humo kambini Kiswahili chetu kilikua, na watoto wa makabila mbalimbali wakacheza pamoja. Lakini maofisa waliendelea kuandika tabia za "jamii" mbalimbali za weusi kama mtu anavyoandika aina za mawe: hawa wana akili ya ofisi, wale wana nguvu za mgodi, wengine ni wavivu. Waluba wa Kasai walipewa ukarani na kazi za reli kwa wingi. Waliokuwa wenyeji wa ardhi ya shaba wakawaona hao ndio wanaopanda.

Kwa jirani zetu Wabelgiji walifika mbali zaidi. Ruanda-Urundi walifundisha kwamba Watutsi ni "mbari" (kwa Kifaransa, race) ya watu waliotoka kwingine na kukaribia wazungu kwa damu, na miaka ya 1930 wakaandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye kitambulisho. Hapo ubaguzi wa rangi uliingizwa katikati ya weusi wenyewe, ukapewa muhuri wa serikali.

Na chuo kikuu kilihusika na kazi hiyo. Desemba 1884, watu wa Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyekuwa pwani ya ziwa Tanganyika, walimuua chifu Lusinga lwa Ng'ombe wa Watabwa na kumkata kichwa. Fuvu lilipelekwa Brussels. Mwanasayansi Émile Houzé akalipima na kuandika juu yake, kwa imani ya wakati ule kwamba vipimo vya mfupa vinaonyesha tabia na akili ya jamii nzima. Fuvu hilo lilikaa katika makumbusho ya Ubelgiji zaidi ya karne. Leo elimu ya vinasaba inasema wazi kwamba watu hawagawanyiki katika "mbari" za namna ile. Lakini elimu ile ya zamani haikufundishwa na wapumbavu sokoni. Ilifundishwa na watu wenye digrii, kwa Kifaransa kizuri. Profesa yeyote wa hapa anayedhani usomi peke yake unamkinga mtu na ubaguzi, amkumbuke Lusinga.

Tunda la upangaji huo lilionekana uchaguzi wa kwanza tu. Desemba 1957 wakazi weusi wa Élisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua viongozi wa komini (sehemu za mji), na wengi wa walioshinda walikuwa watu wa kutoka Kasai. Mwaka uliofuata chama cha siasa cha Conakat kikaundwa, kikidai kuwatetea "Wakatanga halisi" dhidi ya wageni. Wageni hao walikuwa weusi wenzao. Sehemu ya wazungu walowezi iliunga mkono, na 11 Julai 1960 kiongozi wake, Moïse Tshombe, akatangaza Katanga kujitenga. Mwaka 1961 Waluba kwa maelfu walikuwa wakiishi katika kambi ya wakimbizi ndani ya Élisabethville, mji waliokuwa wameujenga.

Chuo cha taifa zima

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre), na kugawa fakulte kwa miji. Lubumbashi ikapewa lugha na fasihi, sayansi za jamii na nyinginezo. Nia ilikuwa kuwabana wanafunzi waliokuwa wakiandamana, na hilo tusilifiche. Lakini kulikuwa na matokeo ambayo labda hayakukusudiwa: vijana wa Équateur, Kivu, Bandundu, Kasai na Bas-Zaïre walijikuta wanalala chumba kimoja Kasapa, wanagombania maji ya bomba moja, wanajifunza Kiswahili cha Lubumbashi ili wanunue mboga. Miaka hiyo mwanafalsafa na mwandishi V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alifundisha hapa, na swali lake kubwa lilikuwa hili hasa: ni nani aliyeiandika Afrika, na kwa elimu iliyotengenezwa wapi? Kwa maoni yangu, Lubumbashi haijawahi kuwa karibu na chuo cha kweli cha taifa kuliko wakati ule, pamoja na umaskini na ukandamizaji wake wote.

Utaratibu wa kupanga watu ulibaki hata hivyo. Chini ya UNAZA nafasi za kuingia ziligawanywa kwa kuangalia mkoa wa asili. Wazo lenyewe lina haki ndani yake: mikoa iliyokuwa na shule nyingi tangu ukoloni ingejaza chuo, na iliyonyimwa ingebaki nje daima. Lakini kipimo kilikuwa asili ya baba. Mtoto aliyezaliwa Katuba, akasoma Katuba, na hajawahi kuiona Mbuji-Mayi, alihesabiwa wa Kasai. Hakupata fidia yoyote kwa shule mbaya ya Katuba, akabeba foleni ya mkoa asioujua.

Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia Kasapa na kushambulia wanafunzi mabwenini. Serikali ilikubali kifo kimoja tu. Mashahidi na mashirika ya haki za binadamu walitaja makumi, wengine mamia, na hesabu ya kweli haijakubaliwa hadi leo. Ubelgiji ilisimamisha misaada kwa sababu ya usiku huo. Wanafunzi walionusurika wamesimulia kwamba wavamizi walikuwa na neno la siri, na waliotoka eneo la rais waliweza kuokoka kwa kulijibu. Kwa saa chache, ndani ya chuo kikuu, asili ilikuwa ndiyo cheti cha kuishi.

Kisha miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, baada ya viongozi wa jimbo kuwachochea wenyeji hadharani. Waliitwa bilulu, wadudu. Kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi familia zililala nje wiki kwa wiki zikingoja treni, na wengi walifia hapohapo. Kati yao walikuwemo walimu na wanafunzi wa chuo chetu. Baadhi waliongeza nguvu katika chuo kikuu cha Mbuji-Mayi, kilichokuwa kimeanzishwa 1990. Sisi tulipoteza maktaba hai na hatukuiomba irudi.

Sheria ipo, mahali pa kuivunjia papo pia

Wanaosema tatizo ni kukosa sheria wanakosea. Sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila ilitolewa 7 Juni 1966, na ni muhimu kuona kwamba iliyaweka mawili hayo katika andiko moja. Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani katika elimu na kazi za umma kwa sababu ya dini, familia, makazi, mawazo, rangi, kabila, au kuwa wa kundi dogo kwa utamaduni au lugha. Ni vigumu kuandika vizuri zaidi ya hapo.

Basi ubaguzi unapita wapi? Unapita pale ambapo uamuzi unafanywa na mtu mmoja au wachache, bila kipimo kilichoandikwa, na bila aliyeumia kuwa na mahali pa kuuliza.

Chukua jina kwenye karatasi ya mtihani. Tangu 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, Wakongomani wamebeba majina ya nyumbani, na anayesahihisha anaweza kudhani anasoma ramani. Anaona jina, anakisia jimbo, na kukisia huko kunaingia kwenye kalamu hata bila yeye kutaka. Tena mara nyingi anakosea. Ilunga, Kasongo, Mutombo, Kabongo ni majina utakayoyakuta kwa Waluba wa Katanga na kwa Waluba wa Kasai, kwa sababu watu hawa wana mzizi mmoja tangu kabla ya mipaka ya Wabelgiji. Kijana anaweza kushushwa pointi kwa kuwa "wa kule", kumbe babu yake ni wa Malemba Nkulu. Si kwamba ingekuwa halali angekuwa wa Kasai kweli. Nasema hivi kuonyesha kwamba kipimo chenyewe ni cha uongo hata kwa anayekiamini.

Dawa ya hapo haina gharama kubwa. Karatasi ya mtihani iwe na namba juu, jina libaki kwenye kipande kinachokatwa na kuwekwa ofisini hadi pointi ziandikwe. Mitihani mikubwa ya nchi nyingi inafanywa hivyo. Kwenye chumba cha wanafunzi mia nane, asistenti mmoja na mkasi wanatosha. Halafu mwanafunzi apewe haki ya kuiona karatasi yake ikiwa imesahihishwa, kwa siku inayojulikana, bila kumwomba mtu. Watakaopinga zaidi watakuwa wale wanaoishi kwa kile wanafunzi wanachokiita branchement, yaani pointi za kununua, maana anayeuza pointi anahitaji kujua karatasi ni ya nani. Rushwa na ukabila hutumia dirisha moja. Ukilifunga unazuia vyote viwili.

Kuajiri asistenti ni pagumu zaidi, na ndipo mustakabali wa chuo unapoamuliwa, kwa sababu asistenti wa leo ni profesa wa miaka ishirini ijayo. Nafasi isiyotangazwa hujazwa na aliye karibu. Aliye karibu ni mpwa, ni mtu wa kanisa moja, ni mtu wa kijiji kimoja, na mkubwa anayemchagua huenda anaamini kwa dhati kwamba anamsaidia yatima. Baada ya miaka kumi na mitano idara nzima inaongea lugha moja wakati wa chai. Hakuna aliyekusudia kuwafukuza wengine. Tangazo lililobandikwa, sifa zilizoandikwa kabla ya kujua waombaji, na mjumbe mmoja wa juri kutoka fakulte nyingine vingebadilisha hesabu hiyo kuliko semina yoyote ya umoja. Tangu Katanga igawanywe 2015 kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika jambo hili limekuwa la haraka, maana sasa hata "Mkatanga" anaweza kuambiwa si wa hapa.

Wengine watasema: basi tugawane nafasi kwa majimbo, kila mmoja apate chake. Hapo ninashauri tutazame Brazili kwa makini. Sheria yao ya Agosti 2012 ilitenga nusu ya nafasi katika vyuo vikuu vya shirikisho, lakini mlango wa kwanza ni kwa waliosoma sekondari za serikali. Ndani yake huangaliwa kipato, kisha rangi kulingana na wakazi wa jimbo. Walianza na shule mtu aliyoketi ndani yake. Kwetu kipimo cha namna hiyo kingemfikia mtoto wa Katuba na mtoto wa Manono kwa pamoja, bila kumuuliza yeyote baba yake ni wa wapi. Marekani walikuwa na njia nyingine, na Juni 2023 Mahakama Kuu yao ikazuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha kupokea wanafunzi. Mjadala wao una historia yake ya utumwa. Tusichukue jibu lao tukidhani swali letu ni lilelile.

Nyuso

Kuna jambo naliandika kwa uzito. Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza, watu waliodhaniwa Watutsi walikamatwa na kuuawa Kinshasa na hapa Lubumbashi. Walitafutwa kwa pua, kwa urefu, kwa umbo la uso. Tangu waasi wa M23 waiteke Goma na kisha Bukavu mwanzoni mwa 2025, maneno hayo yamerudi, na nimeyasikia yakisemwa na vijana wenye elimu. Hasira juu ya vita ina haki yote. Watu wetu wanakufa na kulala nje. Lakini kumhukumu mwanafunzi aliyeketi benchi la mbele kwa umbo la uso wake ni kurudi kwenye meza ya Houzé, na kushika kifaa kilekile kilichopima fuvu la Lusinga. Munyamulenge (Mtutsi wa Kivu ya Kusini), Mhunde na Mshi, nao wa Kivu, wanaosoma Lubumbashi, huenda wote wamekimbia vita hiyohiyo. Jeshi na mahakama zina kazi zao; anayesimamia bweni au ukumbi wa masomo kazi yake ni mwanafunzi huyu alale salama na afanye mtihani wake. Uongozi wa chuo ukiandika hivyo kwa barua yenye sahihi, ukaibandika mlangoni, mwenye kutaka kumgusa atajua anamvunjia nani amri.

Ubia na Ulaya

Rangi yenyewe, ile ya mweusi na mzungu, haijaondoka kabisa chuoni. Imehamia kwenye utafiti. Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Lubumbashi, akaongea na wanafunzi wa chuo chetu, siku chache baada ya kusema Kinshasa kwamba anasikitikia sana majeraha ya ukoloni, pasipo kuomba msamaha. Watu waliyapima maneno yake. Mimi napenda zaidi kupima bajeti. Fedha za miradi zikitoka Ulaya, mada huchaguliwa Ulaya. Mkongomani hukusanya damu, udongo na majibu ya wanakijiji, na jina lake hukaa katikati ya orodha ndefu. Kongamano la kusoma matokeo likifanyika Ulaya, kufika kwake kunategemea viza.

Inawezekana kufanya tofauti. Utafiti wa 2018 kuhusu kobalti na afya ya watu wa Kasulo, Kolwezi, uliofanywa na chuo chetu na KU Leuven, chuo kikuu cha Ubelgiji, uliongozwa katika orodha ya waandishi na Célestin Banza Lubaba Nkulu, profesa wa Lubumbashi. Anaijua vumbi hiyo, anajua pa kuuliza na namna ya kuuliza. Kila mkataba wa ubia ungepaswa kusema kabla ya sahihi: nani anachagua swali, nani anatunza data, nani anaandikwa kwanza, na maabara inabaki wapi mradi ukiisha.

Wasiofika

Nimewaacha mwisho watu ambao karibu hakuna anayewataja chuo kikizungumziwa: Batwa, wenyeji wa asili wanaoitwa pia Pygmées. Katika jimbo la Tanganyika, mgogoro wao na Waluba tangu 2013 uliunguza vijiji na kukimbiza watu kwa maelfu. Kabla ya mgogoro walikuwa tayari wakidharauliwa, wakilimishwa kwa ujira mdogo, wakikatazwa kula chombo kimoja na jirani. Tarehe 15 Julai 2022 nchi ilipata sheria ya kulinda haki za wenyeji wa asili, na kwenye karatasi ni hatua kubwa. Lakini mtoto wa Kitwa kabla ya kufika Kasapa anapaswa awe na cheti cha kuzaliwa, amalize shule ya msingi iliyo mbali na kambi yao, apate ada ya sekondari na ya mtihani wa serikali, avumilie matusi ya wenzake miaka kumi na miwili, halafu alipe chumba Lubumbashi.

Ni hali ileile ya 1956: kanuni za kuingia hazimkatai mtu, na mtu haonekani. Chuo hakiwezi kungoja awasili ndipo kimpokee. Kina idara za elimu na sosholojia, kina wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanya mafunzo ya vitendo. Wapelekwe Kalemie, Manono na Nyunzu wakafundishe darasa la tano na la sita katika vijiji vya Batwa na Waluba kwa pamoja, na kozi hiyo ihesabiwe pointi. Wachache wa kwanza watakaomaliza sekondari walipiwe ada na chumba kwa mfuko unaojulikana, wenye hesabu zinazobandikwa. Wakifika, wasipelekwe jukwaani kuonyeshwa kwa wageni. Wapewe namba kwenye karatasi ya mtihani kama wengine.